Matairi ya Theluji Nyuma ya Kiberiti

Hawa mwanangu,

Shikamoo yako niliipokea mchana mbele ya watu waliokuja kukuaga, na marahaba niliitoa kwa sauti iliyowaamsha hadi wazee waliokuwa wanasinzia mkekani, kwa hiyo salamu tusirudie. Shangazi zako wamekwisha kukuusia habari za sweta, baridi ya Arusha, wanaume wa Arusha, na mambo mengine ambayo hawayajui mbele wala nyuma. Hayo mimi nayaruka. Nakuandikia juu ya matairi mawili.

Magharibi tumeswali. Wewe uko Dunda unapita nyumba kwa nyumba kuaga, na kwa ninavyoujua ulimi wako hutarudi kabla hujachekesha kila baraza. Mimi nimekaa hapa uani kwenye kigoda, taa nimeitundika kwenye kamba ya nguo, na kigari chako, Kiberiti, kiko mbele yangu kimeoshwa kinang'aa. Shule niliiacha darasa la tano na mwalimu hakuja kuniulizia, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka, vumilia. Umezoea barabara mbovu.

Nimechukia, Hawa. Nakuambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya machozi. Nimemchukia mjomba wako Sefu, nimemchukia kila aliyepiga kigelegele leo, na wa kwanza kabisa ninayemchukia ni mimi. Wewe ni wa pili.

Tuanze na mimi, maana huko nina ushahidi wa kutosha.

Unakumbuka Kiberiti kilivyokuja? Yule mgeni wa hoteli ya ufukweni aliondoka akakiacha, chumvi ikakila milango, mwenye hoteli akasema mzee kivute, kinaniharibia sura ya bustani. Kigari cha viti viwili, paa la turubai, chepesi hivi kwamba vijana wanne wakitaka kukuudhi wanakiinua wanakigeuza kilale kwa upande. Na mimi maisha yangu yote nilikuwa fundi wa malori ya chumvi. Lori nalijua. Lori likiyumba unaongeza jani la springi. Likilalamika unaongeza jingine. Tairi unalijaza upepo mpaka ukiligonga kwa nyundo linalia kengele. Basi na Kiberiti nikakitendea hivyo hivyo. Springi zake nikazitoa, nikakivalisha za pikapu. Nikaona kiko chini, matuta yatakikwangua tumbo, nikakipandisha kwa vipande vya mpira juu ya springi, kama wanavyofanya wote hapa gari likitoka bandarini. Kikasimama juu kama mbuzi aliyepanda tofali. Nikasema, sasa hili ni gari.

Wewe ulikuwa na sare za shule. Nikakupakia twende Mbegani tukalijaribu. Kila kijiwe kilikirusha, kichwa chako kinagonga turubai, nawe unacheka.

"Baba, mbona kinaruka kamba?"

"Hiyo ndiyo spidi," nikakujibu.

Mbele kidogo, kwenye kona, upepo ulikuwa umemwaga mchanga juu ya lami. Nikakata usukani. Kiberiti kikazunguka chote, kikasimama kinatazama tulikotoka, mbele ya wale mama wanaokaanga samaki. Mmoja wao hakuinua hata mwiko. Akaniuliza, "Vipi mzee, umesahau kitu nyumbani?"

Nilikuwa nimesahau kwamba lori lina tani za chumvi za kulikandamiza chini, na Kiberiti hakina kitu. Ukikiwekea springi ngumu, kila jiwe linakitupa juu, na tairi likiwa hewani ni pambo tu, sawa na hereni. Springi imewekwa ili tairi lifuate barabara, lishuke kwenye shimo, lipande kwenye tuta, bila kuachana na lami. Shokapu iko pale kuiambia springi, basi, yatosha. Na ule upepo wangu wa lori ulilivimbisha tairi likawa linakanyaga kwa katikati tu, ukanda mwembamba kama wa suruali yangu. Sikukufundisha mimi hayo. Ulifundishwa chuo cha ufundi, ukarudi kunifundisha. Ulipaka chaki upana wote wa tairi, ukasukuma gari mbele kidogo, ukaniita: "Baba, njoo uone unavyokanyaga." Chaki imefutika katikati, kingo zote nyeupe. Nilikununia siku nyingi.

Ukazitoa springi zangu za pikapu. Vile vipande vya mpira ukavifanya vya kuwekea sufuria. Ukafunga kamba kutoka magurudumu ya nyuma mpaka ya mbele, ukayanyoosha kwa rula yako ya shule, tairi la kulia likitazama mbele sawa na la kushoto, na Kiberiti kikaingia kona ile ile ya Mbegani kimetulia, utadhani kimeshikwa mkono. Yule mama wa samaki akasema, "Leo umeendeshwa." Kweli, usukani ulikuwa nao wewe.

Najua unachotafuta hapo. Unatafuta fumbo. Unajisemea, mzee anajisema mwenyewe, springi ngumu ni yeye. Acha. Nimesema springi, nina maana ya springi. Nikitaka kujisema ninayo ya kusema, na haya hapa, ingawa ulikuwepo na uliyasikia kwa masikio yako.

Harusi ya binamu yako, mtoto wa Sefu, kule Makurunge. Kiberiti ndicho kilichokuwa kimbebe bwana harusi. Mjomba wako, muuza matairi ya mtumba, akaleta manne mazuri, zawadi. Meno marefu, mpira mlaini, weusi wa kujitazamia uso. "Shemeji, haya unapanda nayo ukuta," akaniambia. Nikayafunga, nikaenda kuyajaribu. Usukani ukawa kama nakoroga uji. Nakanyaga breki, gari linafikiria kwanza. Nikashuka, nikavaa miwani, nikachuchumaa. Ubavuni mwa tairi kuna picha ya kijilima, na ndani yake kinyota cha theluji.

Mpira ule umepikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako mpira wa kawaida unakauka ukawa jiwe, huu ukabaki mlaini. Ulete kwenye lami yetu ya mchana, unalegea kama halua iliyosahauliwa juani. Na yale meno marefu yamechanjwa vimkato vingi vidogo vya kung'ata theluji, kwa hiyo kwenye joto kila jino linakwenda na shauri lake. Hapa kwetu watu wote wanaamini meno ndiyo yanayoshika. Hata mimi niliamini. Meno ni ya kutoa maji na kung'ang'ania tope. Kwenye lami kavu kinachoshika ni mpira wenyewe, na kila mpira una nchi yake.

Sasa mtu mwenye akili, akishajua hivyo, anamvuta shemeji yake pembeni. Mimi nikangoja watu wajae. Nikangoja na wapiga ngoma wafike. Kisha nikapaza sauti: "Jamani, njooni muone! Shemeji katuletea matairi ya theluji! Bwana harusi avae koti, leo Makurunge inaanguka barafu!"

Watu walicheka mpaka ngoma ikasimama. Bwana harusi akapakiwa gari jingine. Siku zilizofuata watu wakaanza kumrudishia Sefu matairi, hata waliouziwa mazuri, na jina la Sefu Theluji likamganda. Watoto walimwimbia njiani. Na mimi nilikuwa sahihi, mwanangu. Kila neno langu lilikuwa sahihi.

Tuliporudi nyumbani mama yako hakuvua hata ushungi. "Ungeniambia mimi," akasema. "Ningemwambia kaka yangu, yangetolewa bila mtu kujua."

Nikamjibu, "Ukweli hauna pembeni."

Maneno matamu. Nilijipenda nilipoyasema. Akakunja nguo zake akaenda Makurunge kwa kaka yake, na mpaka leo yuko huko, na mimi bado nina maneno yangu matamu. Nakula nayo, nalala nayo. Hayajui kupika wala hayajui kucheka.

Sasa leo. Mjomba wako ameingia na vijana wamebeba matairi mawili, yamekwisha kuvalishwa rimu, yamefungwa utepe mwekundu. Zawadi ya mpwa anayekwenda kutengeneza magari ya mashindano. Vigelegele. Na ukoo wa mama yako una mambo yake: zawadi ya mjomba kwa mpwa anayesafiri inavaliwa palepale na haivuliwi mpaka ufike. Ikiwa kanga unaifunga, ikiwa saa unaivaa. Ikiwa matairi, ikaletwa jeki. Ukayafunga nyuma kwa mkono wako, gauni la sherehe umelikunja magotini, na shangazi zako wanakuimbia.

Ndipo Sefu akanigeukia mbele ya ua mzima.

"Shemeji, leo husomi?"

Mama yako alikuwa mkekani. Akaangalia mikono yake. Nikapapasa mfuko mmoja, nikapapasa wa pili. "Miwani nimeisahau, shemeji. Naona weusi tu."

Wakacheka, na safari hii hakikuwa kicheko cha kumvua mtu nguo. Sefu akanishika bega. Mama yako akafunika mdomo kwa kanga. Na wewe ukanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu hujaota meno ya ukubwani, jicho la kusema, mzee hatimaye amekuwa mtu.

Miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kile kijilima na kinyota chake nilikuwa nimeshakiona tangu matairi yanaingia mlangoni.

Na wewe nilikuona. Nilikuona ukibonyeza mpira kwa kidole gumba, ukapitisha ukucha kwenye vile vimkato. Ukasita kidogo. Halafu ukaendelea kukaza nati, ukatabasamu, ukasema, "Ahsante sana, mjomba." Ulijua! Najua hata ulichojiambia: nitakwenda polepole, nikifika Arusha nitayatoa. Basi mwenye miwani alinyamaza, mwenye cheti alinyamaza, na gari likapigiwa vigelegele. Ndiyo maana nimesema wewe ni wa pili.

Maana haya unayajua kunizidi. Yangekuwa manne, gari zima lingelegea, ungeliendesha kama unavyomwongoza mlevi, taratibu, mkono kwapani. Ni mawili, na yako nyuma. Mbele una matairi ya nchi ya jua, yanashika. Nyuma yanatambaa. Kiberiti umekishusha, umekilainisha, umekinyoosha kwa kamba, ukigusa tu usukani pua imeshaingia kona. Pua ikiingia na mkia ukikataa, springi yako haitakusaidia, shokapu haitakusaidia, na uzito wa kukurudisha chini hauna. Kitageuka kabla hujafika katikati ya bismillahi. Na huko barabara ya Msata hakuna mama wa samaki wa kukuuliza umesahau nini. Kuna malori, na malori hayaulizi. Kazi yako yote ya kamba na rula imefutwa na utepe mwekundu.

Nilipofika hapa simu ililia. Mama yako. Tangu aondoke hajapata kunipigia. Hata nilipougua alimtuma mtu aje kuangalia kama bado napumua.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Leo ulinyamaza."

"Nilisahau miwani."

"Miwani ilikuwa mfukoni. Mkono wake ulikuwa unachungulia. Ahsante, baba Hawa. Idi njoo ule kwetu. Kaka mwenyewe kasema."

Hawa, ningeweza kuishia hapo. Ningesema haya, inshallah, nikakata simu, nikaenda kulala na njaa ya pilau la mama yako ambalo mara ya mwisho kulionja nilikuwa na meno ya mbele. Lakini si alilia kwamba ningemwambia yeye? Basi nikamwambia yeye. Pembeni, kwa sauti ya chini, kama alivyotaka wakati ule.

"Ni yale yale," nikasema.

"Una hakika?"

"Nilisoma kabla sijasahau miwani."

Nikasikia sufuria zinagongana, na Sefu kwa mbali anacheka na watu wake.

"Alfajiri anakuja kumuaga mpwa wake," akasema mama yako. "Akikuta hayapo..."

"Basi mwambie wewe. Taratibu."

"Leo?" Sauti yake ikapanda, kisha ikashuka. "Leo amekaa na watu anaitwa Sefu. Miaka yote hii, leo hakuna aliyemwita lile jina lako ulilompa. Unataka niende mimi nikamwite?"

Maneno matamu niliyamaliza zamani.

"Sikusikia ulichosema," akaniambia. "Simu yako mbovu." Akakata.

Simu yangu si mbovu.

Nimeinuka, nimerudi. Hilo doa ni grisi, usilinuse. Nimeyatoa. Matairi yako yenyewe yako nyuma, nati nimezikaza kwa mshazari kama ulivyonifundisha, moja halafu ya mkabala wake, si kwa kuzungushia kama mimi zamani. Meno yamebaki mafupi, kwa hiyo mvua ikikukuta nenda kama umepakia mayai. Lakini ni ndugu wa yale ya mbele, wataelewana. Ya mjomba wako nimeyapakia kwenye mkokoteni wangu wa maji, utepe wake juu. Theluji ikianguka Dunda, mimi niko tayari.

Utaniuliza kwa nini sikukungoja uyatoe mwenyewe. Kwa sababu ukiyatoa wewe, ni mpwa aliyevua zawadi ya mjomba, na hilo litakungoja kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo ule, na mama yako atawekwa katikati tena. Nikiyatoa mimi, ni yule mzee kichaa kaanza tena. Jina hilo ninalo, limeshanikaa vizuri mabegani, halinibani popote.

Kwa hiyo alfajiri, Sefu akisimama hapa uani na kuuliza, wewe shangaa. Unajua kushangaa, umenishangaa mimi utoto wako wote. Sema, "Mjomba, nililala ninayo, nimeamka sina." Niangalie vibaya mbele yake. Ukitaka niite mzee mbaya, niite, na usicheke. Ila usinitetee. Ukinitetea nusu neno, kazi yangu yote imekwenda na maji. Ile sura ya mchana, ile ya mzee amekuwa mtu, niliiona mara moja na nimeiweka. Hiyo huwezi kuja kuichukua.

Idi nitakaa nyumbani. Pilau nitalisikia kwa harufu, upepo ukikubali. Na kama nikikosea, kama mlango ukafunguliwa hata kidogo, si wewe wa kuusukuma. Mwachie mama yako na simu yake.

Huko unakokwenda watakuletea matairi yaliyochaguliwa na rafiki wa mwenye gari, na springi zilizosifiwa na mtu asiyewahi kukaa ndani ya gari lenyewe. Nilitaka kukupa dawa ya hilo, sina. Mara ya kwanza nilisema kwa kelele, nikampoteza mama yako. Leo nilinyamaza, nikawa nakupakia wewe kwenye gari lisilo na mkia. Pembeni nimejaribu leo hii, umeona lilivyoishia. Sijui ni ipi. Mimi nimebakiwa na spana tu, na spana inafanya kazi ikiwa tu unakubali kuchukiwa asubuhi yake. Ukigundua njia nyingine huko, usiniletee, nitaona wivu.

Barua hii naiweka chini ya mto wako. Isome kabla hujalala, usije ukaamka ukashangaa kweli.

Jambo moja na nimemaliza. Upepo nimejaza mwenyewe. Nilipaka chaki, nikakisukuma, imefutika upana wote. Vijana wa vituo vya mafuta wakitaka kukuongezea, wafukuze. Wanajaza kwa mazoea ya malori, nawajua, nilikuwa mmoja wao. Ukishaiacha Msata nyuma na jua limekwisha kupanda, egesha pembeni pazuri. Weka kiganja juu ya tairi la nyuma: ukingo wa nje, katikati, ukingo wa ndani. Joto likiwa moja kote, tairi linakanyaga lote, nilipima sawa, endelea na safari yako. Likitofautiana, nipigie unitukane.

Simu yangu nzima.

Baba yako